Vihisi 40 Juu ya Daraja, na Nguzo Iliyochimbwa na Mto

"Mimi ni afisa wa TEHAMA katika serikali ya kaunti. Tuna daraja la zege lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Lina vipande vitatu, kila kimoja kama mita 18, na nguzo mbili zimesimama mtoni. Malori ya mchanga hupita usiku na mchana. Chini ya boriti kuna nyufa nyembamba, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliacha msingi wa nguzo moja ukionekana, ingawa sasa mchanga umerudi. Mzabuni mmoja ametuletea mfumo wa vihisi 40 vya mtetemo, vyote vya kufungwa juu, kwenye sakafu ya daraja. Data itaenda kwenye seva ya kampuni yake, na akili mnemba itatuonya kabla daraja halijaanguka. Anasema tukishaufunga hatutahitaji tena kutuma wakaguzi. Kamati imeniomba ushauri kwa kuwa mimi ndiye 'mtu wa kompyuta'. Mitandao na seva nazijua, daraja silijui. Je, tuununue? Na tusipoununua, tufanye nini kabla ya masika?"

Ndugu yangu, nikujibu kwanza, kisha nieleze. Msinunue mfumo huo jinsi ulivyo, na msiache kutuma wakaguzi hata mkinunua mwingine ulio bora zaidi. Vihisi vina kazi kwenye daraja lenu, tena kazi kubwa. Ila si vile 40, na si mahali anapotaka kuvifunga.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama kwenye maneno machache uliyoyapitia haraka: msingi ulionekana, kisha mchanga ukarudi. Umeyataja kama jambo lililokwisha. Kwangu hilo ndilo swali lenyewe. Nyufa nitazifikia, na akili mnemba pia, lakini tuanzie mtoni.

Maji ya mafuriko yanapoigonga nguzo, hayagawanyiki tu kwenda kushoto na kulia. Sehemu yake huteremka kwa nguvu kando ya uso wa nguzo hadi kitakoni, huko huzunguka, huchota mchanga na kuutupa upande wa pili. Shimo hukua wakati mafuriko yamefika kileleni, saa ambayo maji ni tope na hakuna awezaye kuchungulia. Mafuriko yakipungua, maji hupoteza mwendo na mchanga uliokuwa ukisafiri nayo hutua ndani ya shimo lile lile. Siku chache baadaye kitanda cha mto kimesawazika, na anayepita anasema daraja limepona. Mchanga huo mgeni haujashikamana, haubebi uzito wowote wa maana, na mafuriko yajayo yatauondoa upesi kuliko yalivyouondoa ule wa kwanza. Ndiyo maana sisi wahandisi wa madaraja tukisikia msingi uliwahi kufichuka, tunauhesabu bado umefichuka mpaka mtu aupime na athibitishe vinginevyo.

Tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu ya jimbo la New York kwenye kijito cha Schoharie liliporomoka wakati wa mafuriko. Magari yalitumbukia na watu 10 wakafa. Daraja hilo halikuwa limesahaulika. Lilikuwa likikaguliwa mara kwa mara tangu mwaka 1968. Lakini misingi ya nguzo zake haikuwahi kukaguliwa chini ya maji, na hapo ndipo mto ulipokuwa ukichimba. Marekani, ambako takwimu za madaraja hutunzwa vizuri, maji kuchimba misingi ndiyo sababu inayoongoza ya madaraja kuanguka. Wengi hudhani ni malori.

Sasa linganisha hayo na unachouziwa. Vihisi vyote 40 viko juu, hatari kubwa iko chini. Kuna utafiti wa kweli kuhusu kugundua uchimbaji kwa kupima jinsi nguzo yenyewe inavyotikisika, kwa sababu nguzo iliyopoteza udongo kitakoni hutikisika polepole zaidi. Lakini kwa kazi hiyo vihisi hufungwa kwenye nguzo, na hata hapo matokeo huhitaji mtu anayeujua udongo wa mahali. Vikifungwa kwenye sakafu, habari ya kitako cha nguzo hufika juu ikiwa hafifu mno.

Hebu nikueleze mtetemo wenyewe, maana hapo mzabuni amekupa ukweli nusu, na nusu hiyo inavutia. Kila daraja lina mtetemo wake wa asili. Lori likipita, boriti hushuka na kupanda. Lori likishaondoka, boriti huendelea kutetema kwa mwendo wake yenyewe hadi itulie. Boriti za urefu wa mita 18 kwa kawaida hutetema kama mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Mwendo huo hutegemea uzito wa daraja na ugumu wake. Zege likipasuka sana au nondo zikiliwa na kutu, ugumu hupungua na mtetemo hupungua kasi. Mpaka hapo hajakudanganya.

Tatizo ni kiasi. Kasi ya mtetemo hufuata kipeuo cha pili cha ugumu. Ugumu ukishuka kwa asilimia 10, na hiyo si hasara ndogo, mtetemo hushuka kwa asilimia 5 tu. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima daraja la Alamosa Canyon huko New Mexico usiku na mchana, wakakuta mtetemo wake unabadilika kwa takriban asilimia 5 ndani ya saa 24. Hakuna kilichoharibika. Lilikuwa jua likipasha sakafu upande mmoja kabla ya mwingine.

Uswisi walikwenda mbali zaidi. Daraja la Z24, lililovuka barabara kuu kati ya Koppigen na Utzenstorf, lilikuwa linasubiri kubomolewa. Wahandisi wakalifunga vihisi kwa karibu mwaka mzima, kati ya 1997 na 1998, kisha wakaliharibu makusudi hatua kwa hatua, wakashusha nguzo yake, wakakata nyaya za chuma zilizokuwa zikilibana, ili waone kama data ingesema kitu. Kwanza walikuta kwamba wakati wa baridi kali lami iliganda na kulifanya daraja zima kuwa gumu zaidi, mtetemo ukapanda. Uharibifu ulionekana kwenye data, ndiyo, lakini baada ya athari ya joto kuondolewa kwa hesabu za uangalifu. Kwetu lami haigandi. Lakini lami ya saa nane mchana na lami ya saa kumi na moja alfajiri si kitu kimoja, na daraja linalijua hilo.

Ukitaka kuupima ukweli huu kwa kalamu: zege hurefuka kwa takriban sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Jua likiongeza joto la boriti kwa nyuzi 10, kila mita ya boriti hurefuka kwa sehemu ya kumi ya milimita. Uso wa chini wa boriti, lori zito linapopita, huweza kurefuka kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Lori hupita kwa sekunde na jua hupanda kwa saa, kwa hiyo kulitenganisha lori na jua si kazi ngumu. Kinachosumbua ni kwamba uharibifu nao huja polepole, kama jua linavyokuja. Ndiyo sababu swali la kwanza la kumuuliza mzabuni wako, wewe mwenyewe, bila kuhitaji mhandisi, ni hili: vipimajoto viko wapi? Kama pendekezo lina vihisi 40 vya mtetemo na halina vipimajoto ndani ya zege, juu na chini, aliyeliandika hajawahi kuishi na data ya daraja kwa mwaka mmoja.

Kuhusu akili mnemba, wewe unaijua kuliko wajumbe wa kamati, kwa hiyo utanielewa upesi. Programu ya aina hiyo hujifunza kutokana na mifano. Mfano wa daraja lenu likikaribia kuanguka haupo, na tunaomba usipatikane. Kinachobaki ni kujifunza hali ya kawaida na kupiga kelele kawaida ikibadilika. Hilo linawezekana na lina faida. Lakini angalia maana yake: vihisi vikifungwa leo, nyufa za leo na nguzo iliyochimbwa leo vinaandikwa kuwa afya njema. Mfumo utakuonya daraja likiwa baya zaidi ya lilivyo sasa. Hautakwambia kuwa sasa hivi ni baya. Kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye nyundo, tochi na mashua, na inabidi ifanywe kabla ya kihisi cha kwanza kufungwa.

Hata mfumo mzuri husikia mahali ulipotegwa tu. Sijui mfano unaolionyesha hili vizuri kuliko daraja la kuning'inia la Forth Road huko Uskochi, lililofunguliwa mwaka 1964. Wakaguzi walipofungua kamba zake kuu mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta nyaya za ndani zimeanza kuliwa na kutu na kukatika. Mwaka 2006 wakafunga vihisi vya sauti kwenye kamba hizo, vinavyosikia uzi mmoja wa chuma ukikatika na kuonyesha ulipokatikia. Ni kazi ya kupigiwa mfano, na ilistahili gharama yake. Kisha Desemba 2015 daraja lote likafungwa. Kamba zilikuwa salama. Kilichopasuka ni kiungo cha chuma chini ya sakafu, karibu na mnara, ambacho pini yake ilikuwa imekwama na haizunguki tena kama ilivyobuniwa. Ufa ule ulionekana wakati wa ukaguzi, kwa macho ya watu. Baada ya hapo vihisi vikaongezwa na sehemu hizo nazo zikaanza kufuatiliwa. Wenye daraja hawakuwa wazembe. Waliuliza swali moja zuri na vihisi vikawajibu hilo hilo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tununue vihisi vingapi", kaa na mhandisi wa miundo muulize: daraja hili likianguka, litaanguka vipi? Kwa lenu mimi naona njia tatu, kwa mpangilio wa uzito kulingana na ulichonieleza. Ya kwanza ni nguzo iliyochimbwa kuzama au kuinama. Ya pili ni boriti kushindwa kubeba malori yaliyozidisha mzigo. Ya tatu ni maji kupanda hadi kwenye sakafu na kuisukuma kando. Kila njia ina dalili yake, na kila dalili ina kifaa chake, mara nyingi cha bei nafuu kuliko vihisi 40 vya mtetemo.

Nguzo ikianza kushindwa, huinama kabla ya kuanguka, wakati mwingine kwa siku, wakati mwingine kwa saa. Kipima mwinamo kimoja kilichofungwa kichwani mwa kila nguzo huona mwinamo mdogo kuliko jicho linavyoweza. Ili kujua kina cha mto kwenye kitako chenyewe, kuna vyombo vya mawimbi ya sauti vinavyofungwa ubavuni mwa nguzo na kupima umbali hadi chini. Kwenye mto wenye magogo na takataka huvunjika, kwa hiyo viwe na kinga ya chuma. Kuna pia kifaa ambacho mimi nakipenda kwa urahisi wake: kiboya chenye redio ndogo, kinazikwa mchangani kando ya msingi kwa kina kilichochaguliwa na mhandisi. Kikiwa kimezikwa kinakaa kimya. Maji yakichimba hadi hapo, kinaibuka, kinalala kwa ubavu, na redio inatuma ishara. Kinafanya kazi mara moja tu katika maisha yake, na mara hiyo ndiyo mnayoihitaji.

Kwa usawa wa maji, rada ndogo inayotazama chini kutoka ukingoni mwa daraja inatosha. Uliza pia Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama wana kipimo juu zaidi ya mto huo. Maji yanayosomwa kilomita 20 juu yenu ni onyo la mapema ambalo hakuna kihisi cha darajani kinachoweza kulitoa. Ongeza kamera moja yenye taa ya usiku, ikitazama nguzo na siyo barabara. Ikitazama barabara itanasa nambari za magari, na hapo mtaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 bila sababu ya msingi.

Nyufa za boriti zinataka subira zaidi kuliko teknolojia. Zege lenye nondo hupasuka kidogo likifanya kazi yake. Nyufa nyembamba za wima katikati ya boriti, chini ya milimita 0.3 hivi, zisizovuja kutu, huwa si habari ya kutisha. Zinazonitia wasiwasi ni zile za mshazari karibu na nguzo au kwenye ncha za daraja, na zozote zenye michirizi ya rangi ya kutu. Mtume mtu na penseli ya nta. Mwisho wa kila ufa apige mstari mfupi, aandike tarehe kando yake, apige picha akiwa ameweka rula pembeni. Kwenye nyufa mbili tatu mbaya zaidi bandikeni kile kipimo cha vipande viwili vya plastiki angavu, kimoja kina mistari ya milimita na kingine kina alama ya msalaba, kila kimoja upande wake wa ufa. Ufa ukifunguka, msalaba husogea juu ya mistari na mtoto wa shule anaweza kusoma umesogea kiasi gani. Baada ya miezi mitatu mtajua zaidi kuhusu boriti hizo kuliko dashibodi yoyote itakavyowaambia.

Jambo moja lazima mhandisi alitazame kwenye michoro ya zamani: boriti zenu zina nondo za kawaida, au zina nyaya zilizovutwa kwa nguvu ndani ya zege? Tofauti ni kubwa mno. Boriti ya nondo za kawaida ikizidiwa katikati, kwa kawaida huonya kwa kupinda na kupasuka. Yenye nyaya zilizovutwa inaweza kuwa safi kwa nje huku nyaya zikikatika moja moja ndani. Sehemu ya daraja la Carola huko Dresden, Ujerumani, ilianguka usiku wa tarehe 11 Septemba 2024 kwa sababu ya nyaya za namna hiyo. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Daraja la Bad Schandau, kwenye mto huo huo wa Elbe, likafungwa Novemba mwaka huo kwa hofu ya ugonjwa huo huo, na lilipofunguliwa tena Aprili 2025 liliruhusu magari mepesi tu, huku vihisi vya sauti vikisikiliza kama kuna uzi unaokatika. Hapo ndipo vihisi vinapostahili pesa zote: kasoro inajulikana, mahali pake panajulikana, na mnanunua muda wa kujenga upya mkiwa macho.

Sasa tuje upande wako, mtandao na kompyuta. Vihisi 40 vya mtetemo vikisoma mara 100 kwa sekunde, kwa pande tatu, huzalisha zaidi ya namba bilioni moja kwa siku. Ukihesabu baiti 4 kwa kila namba, ni zaidi ya gigabaiti 4 kila siku, kama 120 kwa mwezi, kupitia laini ya simu kando ya mto. Kipima mwinamo kinachosoma kila baada ya dakika 10 hutoa namba 144 kwa siku. Kwa hiyo kama siku moja mtahitaji mtetemo, hesabu ifanyike pale pale darajani kwenye kikompyuta kidogo, kitume muhtasari tu, na data ghafi ihifadhiwe kwenye kadi kwa wiki kadhaa ili lori la ajabu likipita muweze kurudi kulitazama.

Weka laini za kampuni mbili tofauti za simu. Kila kifaa kitume ujumbe mfupi wa kusema kipo hai, na ukikosekana kwa muda mliokubaliana, huo wenyewe uwe onyo. Usiku wa mafuriko ndio usiku mnara wa simu unapozimika, na mfumo ulionyamaza unafanana kabisa na mfumo usio na tatizo. Betri ihimili siku tano za mawingu bila jua. Paneli ya sola ifungwe juu kwa bolti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, au itaondoka kabla ya mvua. Na kuna mambo ambayo katalogi haiyasemi: nyigu hupenda kujenga ndani ya visanduku vya vifaa, na buibui hutanda mbele ya kipima maji mpaka kinasoma utando wake badala ya mto. Kwa hiyo mkataba uwe na mtu wa kupanda pale kila mwezi na brashi mkononi. Asipokuwepo, ndani ya miaka miwili mtakuwa na vyuma tu.

Data iwe mali ya kaunti. Iandikwe hivyo, na iandikwe kwamba mnapata data ghafi katika mfumo wa faili ulio wazi, si grafu tu kwenye ukurasa wa mzabuni. Kampuni zinafungwa, daraja linabaki.

Kuna sehemu ambayo wauzaji hawaigusi, na mimi naiona ndiyo nusu ya kazi: onyo likitoka saa tisa usiku, nani anafunga daraja? Jina lake nani, simu yake inaita wapi, anakaa umbali gani, kizuizi kiko wapi, na je, ana mamlaka ya kufunga kabla ya kumpigia mkubwa yeyote? Baltimore, Marekani, tarehe 26 Machi 2024, meli ya Dali ilipozimikiwa na umeme na kuelekea nguzo ya daraja la Francis Scott Key, waliokuwa wakiiongoza walitoa taarifa kwa redio, na polisi wakasimamisha magari pande zote mbili ndani ya dakika chache. Hakuna gari la msafiri lililokuwa likivuka daraja lilipoanguka. Lakini mafundi wa barabara waliokuwa juu yake hawakufikiwa kwa wakati, na sita walikufa. Onyo lile lile liliwaokoa waliofikiwa na likawapita wasiofikiwa.

Sisi hapa tunakumbuka Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya liliposombwa katika Mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Maji yalionekana kwa macho. Kilichokosekana kilikuwa kizuizi kilichofungwa. Kwa hiyo kabla ya kutangaza zabuni yoyote, andikeni ukurasa mmoja: maji yakifika alama fulani, malori yanazuiwa, yakifika alama ya juu yake, daraja linafungwa kwa wote, nguzo ikiinama kwa kiasi atakachoweka mhandisi, linafungwa papo hapo, na halifunguliwi mpaka yeye mwenyewe aje alitazame. Halafu nendeni mkajaribu usiku, bila kuwaambia wahusika siku yenyewe. Alama zipakwe rangi kwenye nguzo ili mzee wa kijiji naye aweze kuzisoma simu zikigoma.

Nikupe na upande wa pili wa mizani. Kihisi hakiongezi nguvu ya daraja hata kidogo. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, mimi ningechagua mawe makubwa ya kuzunguka kitako cha nguzo ile, ukubwa wao ukihesabiwa na mhandisi kulingana na kasi ya maji, kabla ya kununua hata kifaa kimoja. Mawe madogo yaliyotupwa na tipa bila hesabu huondoka na mafuriko ya kwanza, kwa hiyo msifanye kienyeji. Bango la kikomo cha uzito, pamoja na askari wa kulisimamia, nalo hupunguza hatari kwa gharama ndogo, ingawa najua wenye malori ya mchanga watawapigia simu madiwani wao. Mifumo mikubwa ina mahali pake. Daraja la Tsing Ma huko Hong Kong, lililofunguliwa 1997 na lenye mita 1,377 kati ya minara yake, linafuatiliwa kwa mamia ya vihisi kwa sababu upepo wa tufani unalitikisa na kulifunga kunasimamisha njia ya uwanja wa ndege. Minneapolis, baada ya daraja la I-35W kuanguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, lililojengwa mahali pake lilipewa vihisi zaidi ya 300. Lakini kumbuka kilicholiangusha lile la zamani: sahani za chuma za kuunganishia zilizobuniwa zikiwa na nusu ya unene uliohitajika, pamoja na mzigo wa vifaa vya ukarabati uliorundikwa juu yake siku hiyo. Picha za mwaka 2003 zilionyesha sahani hizo zimepinda. Picha zilikuwepo miaka minne, na hakuna aliyezitazama akaelewa anachokiona. Data isiyo na mhandisi wa kuisoma ni picha kwenye kabati.

Usisubiri kihisi wala kamati ukiona lolote kati ya haya: nguzo imeinama au sakafu imeshuka, hata kidogo, mahali ilipokuwa imenyooka, ukingo wa pembeni uliokuwa mstari mmoja sasa una mvunjiko, pengo kwenye maungio ya sakafu limepanuka upande mmoja na kubana upande mwingine, ufa mpya wa mshazari karibu na nguzo, vipande vya zege vinaanguka na nondo zinaonekana, maji yanazunguka kwa nguvu isiyo ya kawaida kwenye kitako cha nguzo moja. Fungeni kwanza, kisha mpige simu. Mtalifungua mhandisi akishafika na kuruhusu kwa maandishi.

Na hata dalili hizo zisipokuwepo, daraja lenu linahitaji kuonwa na mtu sasa, kabla ya masika, maji yakiwa yamepungua. Tafuteni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, mwenye uzoefu wa madaraja, naye aje na mtu wa udongo. Waingie mtoni, wasukume fimbo ya chuma kwenye mchanga kuzunguka nguzo zote mbili wajue ulipo laini na ulipo mgumu, wachimbe mpaka waone chini ya msingi, na wawaambie kama umekaa juu ya mwamba, juu ya milingoti iliyopigiliwa ardhini, au juu ya mchanga mtupu. Jibu la swali hilo moja ndilo litakaloamua mnunue mawe, mnunue vihisi, au mfunge daraja kwa malori wiki hiyo hiyo. Picha zozote mlizonazo za msingi ule ulivyokuwa baada ya mafuriko ya 2024, hata zilizopigwa kwa simu za wanakijiji, zikusanyeni mapema na mumkabidhi kabla hajafika, kwa sababu mchanga umekwisha kufunika alichohitaji kukiona.